Watoto Kumi na Mmoja wa Shamba la Karanga

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi tu, serikali ilitangaza mpango: kila mtoto wa darasa la tatu ajue kusoma. Shule itakayopanda kiwango itapewa walimu wawili wapya. Itakayoficha mtoto siku ya upimaji haipati hata mmoja.

Bi Zamoyoni, mtathmini, akafika shule ya Itumbikwa. Watoto sabini na wawili wakasoma, wote. Akafurahi kweli. Akazunguka nyuma kutafuta choo, akakuta wengine kumi na mmoja wanang'oa karanga.

"Shikamooo!"

"Marahaba. Darasa la ngapi ninyi?"

"La tatu."

"Mbona hamkuja kusoma?"

"Sisi ni wazito wa kusoma," akajibu msichana mmoja, kama anayetaja kabila lake.

Damu ikamchemka Bi Zamoyoni. Akawapa kitabu palepale kwenye matuta. Tisa wakasoma bila kukwama!

Akawaita wakubwa. "Nani kawaficha?"

"Mimi, mama," akasema mwalimu mkuu, Lutego. "Nina watoto mia sita, walimu watatu. Orodha ya wazito niliiandika Januari. Hao walimu wapya nawaombea watoto, siendi kulala nao nyumbani kwangu!"

"Tangu Januari hukuwapima tena?"

"Kwa muda upi?"

Mwalimu Chausiku akadakia: "Mimi nimewafundisha kila alasiri, kama mpango ulivyosema. Nikamwambia mkuu wanasoma. Akasema nisimchekeshe."

"Na leo asubuhi nani kawapeleka shamba?"

Chausiku akatazama viatu vyake. "Mimi."

Bwana Mazengo, afisa elimu kata, akajifuta jasho. "Mimi sikuficha mtu. Nilisema tu kata yangu isishike mkia."

"Sasa ulitaka wafanyeje, baba? Waroge?" akauliza Bi Zamoyoni.

Akashika fomu. Visanduku viwili tu: Imeficha. Haikuficha. Akitia alama kwenye cha kwanza, ameandika ukweli, na watoto walewale waliofichwa ndio watakaobaki mia mbili kwa mwalimu mmoja. Akitia kwenye cha pili, mwakani kila shule itakuwa na karanga za kung'oa siku ya upimaji.

Haya, ninyi mliokaa mkitikisa vichwa, acheni kuguna, semeni: Lutego, Chausiku, Mazengo, nani alistahili kuibeba lawama hii, na kalamu ya Bi Zamoyoni iende kisanduku kipi?