Mama Digidigi na Mwiba wa Mganga

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, na wewe wa nyuma acha kutafuna. Hapo zamani za kale, Nyati na Chui walipigana mwaka mzima. Wanyama wadogo wakakimbilia ng'ambo ya mto. Miongoni mwao walikuwa Mama Digidigi na mwanawe Kipaku. Mwanawe wa kwanza aliuawa na surua. Alimlilia mpaka macho yakavimba.

Surua ikarudi. Nungunungu mganga akaja na chanjo kwenye miiba yake. Lakini aliogopa vita njiani, akaja na Chui wanne wa kumlinda. Chui wale wale waliochoma vichaka vya wanyama wadogo! Wanyama wakatimka, purukushani. Siku ya pili akaja na Chui sita. Hata Kinyonga alikimbia, na Kinyonga mnamjua.

Siku ya tatu akawaacha Chui mbali. Akaja peke yake, tapu tapu tapu, akaketi chini. Akauliza amewakosea nini. Wakamwambia yote mpaka jua likapinduka, naye akasikiliza.

Mama Digidigi akatoka kichakani. Moyo ndu, ndu, ndu. Alimwogopa mganga, lakini surua aliiogopa zaidi.

"Kwetu," akasema, "anayempa mgeni uji huuonja kwanza, mgeni aone hauna sumu. Wewe dawa yako hujaionja mbele yetu."

"Kweli mama, nimekosa," akasema Nungunungu. "Shika mwiba, unichome wewe."

Akamgeuzia bega. Chwi! Mganga mzima akaruka juu, na wote wakacheka mpaka wakakaa chini.

Wakangoja. Kesho yake mganga akaamka mzima, akaomba uji. Ndipo Mama Digidigi akamleta Kipaku mwenyewe. Mwiba mpya, chwi. Kipaku akalia kidogo, akanyamaza. Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Surua ikaja ng'ambo ya mto, ikatafuta wa kumshika, ikakosa, ikaenda zake. Mvua zikanyesha. Kipaku akaota pembe. Kaka yake hakufika umri wa kuota pembe. Mama Digidigi akazigusa, moja, ya pili, akafurahi sana.

Basi wanangu, na nyinyi wazazi: chanjo huokoa watoto, lakini anayeileta aje kwa kusikiliza, asije kwa kutisha. Hadithi yangu imefika, nami naitua hapo.