Kikapu Alichorudisha Fisi

Mwaka ule mvua iligoma, wanyama wakaona heri wazitunze mbegu zao za mtama pamoja. Wakaunda chama, wakajenga ghala. Simba akaleta vikapu kumi. Mtama hali, alitaka kusifiwa tu. Akanguruma, "Vikapu kumi, sauti kumi!"

Sungura, mtunza ghala, akainama. "Bwana mkubwa, humu hata panya ana sauti moja. Yako ni nene, inatutosha." Simba akaona amesifiwa, akanyamaza.

Kanga yeye alikuwa na kikapu kimoja na vifaranga saba. Fisi alipotaka kukopa, wote walikataa kumdhamini, maana mkopaji asiporudisha, kikapu cha mdhamini ndicho kinacholipa. Akamwendea Kanga.

"Bi Kanga, shanga zako hizo, hata mke wa mfalme hana!"

Kanga akajitazama, akajizungusha, akakubali. Haya, utamlaumu?

Fisi alizipika mbegu siku ile ile, akalamba na chungu. Siku ya kulipa akaleta kikapu kizito, mtama hadi ukingoni. "Deni hilo!" Lakini Kanga ni Kanga, haoni punje asiichakure. Akachakura kidogo: chini ya mtama, mchanga!

Akamkimbilia Sungura. "Ndugu yangu, nimekwisha! Mawingu yale yanakuja, nitapanda nini? Wanangu watakula shanga?"

"Polepole, dada. Tukimshika sasa tutapata kelele tu. Mbegu zimo tumboni, na tumbo la Fisi halirudishi kitu." Kisha Sungura akapaza sauti, "Jamani, mlipaji mwema huyu! Akileta rehani, tumkopeshe tena."

Fisi mate yakamdondoka. Akakimbia pangoni, akarudi akiburuta paja zima la nyati lililokaushwa. Simba akaliona, masharubu yakamcheza.

Sungura akalipokea paja, akamsukumia Fisi kikapu. "Chukua, shemeji. Msimu ujao utarudisha mtama, na Kanga atachakura mpaka chini. Ukishindwa, paja limekwenda."

Fisi akakitazama kikapu. Akakijua. "Hiki hakinipendezi. Nipe kingine."

"Kina kasoro gani? Si umekileta mwenyewe leo asubuhi?"

"Hakina kasoro... ila nipe kingine."

"Basi kina nini?"

Wanyama wakasogea. Fisi akalitazama paja lake, akakitazama kikapu, uroho ukamshinda. "Ni mchanga! Mimi nitakula mchanga?"

Nyani akaanza kucheka, ghala zima likafuata.

"Aliyeutia ndiye aliyeusema," akasema Sungura.

Paja likashikwa kwa deni lile la kwanza, likaenda kwa Simba, naye akatoa kikapu kimoja cha mtama kuziba pengo la Fisi, akasifiwa mpaka akachoka. Kanga akajitwika kikapu chake. Tone la kwanza lilimkuta shambani, vifaranga nyuma yake mstari mmoja. Fisi alirudi pangoni na mchanga wake, na tangu hapo anayemsifia Kanga shanga huambiwa, "Ahsante, baba. Kikapu chako kiko wapi nikichakure?"

Mla cha mwenzake na chake huliwa.