Meza ya Zamda na Fimbo ya Fundi Ntandu

"Zamda, tangu lini meza ikajua kukaa na kusimama kama mtu?"

Swali hilo aliliuliza jirani yake, Bi Mwanne, akiwa kasimama mlangoni na ungo wa mtama, akimtazama mwenzake anavyochora miguu ya meza kwa chaki kwenye sakafu. Aliuliza kwa mzaha. Lakini ndiko yalikotoka maneno mliyoyasikia asubuhi hii mkayacheka: Kimo cha meza hukijua kiuno. Mmetaka kujua mwanzo wake. Haya, kaeni, na mwenye mgongo unaomuuma asimame, hakuna atakayemwona hana adabu. Methali hii ilianza hivi.

Pale Iguguno, nyuma ya soko la vitunguu, palikuwa na karakana ya kina mama walioshona sare za shule. Walikuwa sita. Watano walikaa kwenye cherehani, na wa sita, Zamda, alikuwa mkataji. Mkataji ndiye anayetandaza kitambaa, akachora kwa chaki, akakata mapande ya mashati na sketi. Akikosea yeye, watano wameharibikiwa. Zamda hakukosea. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, mkono wake mtulivu, maneno yake machache, na jicho lake halikupitwa hata na uzi uliokatika.

Alisimama mezani tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Mwaka wa nne kiuno kikaanza kumwambia habari. Kwanza kilimuuma akiinuka, kisha akiinama, kisha hata akicheka. Akaenda zahanati. Nesi akambonyeza mgongoni, akamwambia, "Mama, dawa nitakupa, lakini haiwezi kushindana na meza yako. Usisimame kutwa, wala usikae kutwa. Simama kidogo, kaa kidogo."

Maneno hayo Zamda akayapeleka kwa msimamizi wa karakana, Mwenyekiti Kitiku. Mwenyekiti alimsikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chenye mto.

"Mshonaji hukaa, mkataji husimama," alisema. "Ndivyo kazi ilivyo. Ukishindwa, useme mapema tumtafute mwenye miguu."

Aliyasema kama mtu anayetaja siku za wiki. Na Zamda hakuwa na kazi nyingine. Shamba la alizeti la marehemu mumewe lilikuwa limerudi kwa ndugu zake mume kabla hata arobaini haijaisha. Mkasi ule ndio uliokuwa unalisha nyumba.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe linalokera. Meza ile haikuwa kimo cha Zamda. Haikuwa kimo cha mtu yeyote. Pale Iguguno meza zote zilitengenezwa na Fundi Ntandu, na Fundi Ntandu alipima kwa fimbo moja nyeusi aliyoachiwa na mwalimu wake, ambaye naye aliachiwa na wa kwake. Fimbo ilikuwa na alama mbili. Alama ya chini, meza ya kukaa. Alama ya juu, meza ya kusimama. Basi. Uwe mrefu kama mlingoti, uwe mfupi kama kinu, meza yako ni ile ile. Aliyeikata fimbo hiyo mara ya kwanza alikuwa na kimo gani, hakuna aliyekumbuka.

Na haikuwa desturi kumuuliza mteja. "Fundi anayeuliza ni fundi asiyejua," alikuwa akisema Fundi Ntandu, na mji mzima ukaitikia. Muuza duka mfupi akapanda juu ya tofali. Karani mrefu akaandika magoti yakigonga mbao. Mtu akiumwa, walisema ana mgongo mbovu. Hakuna aliyesema ana meza mbovu. Zamda alijaribu kuleta kigoda akae, meza ikamfika kidevuni. Wenzake wakacheka mpaka cherehani zikasimama, naye akacheka nao, akakirudisha kigoda nyumbani.

Siku moja, akiwa nyumbani, aliswali alasiri kwa taabu. Akasimama, akarukuu, akasujudu, akakaa, akainuka tena. Alipotoa salamu alibaki palepale kwenye msala, akawaza. Ibada hii ya Mungu haimwachi mtu asimame tu, wala akae tu. Na ukiwa mgonjwa, unaruhusiwa kuswali umekaa. Mungu amenihurumia kiuno, akasema moyoni. Meza ya mbao ndiyo isiyonihurumia?

Hasira ikampanda, lakini hasira ya mtu mtulivu haivunji vyombo. Inatafuta chaki.

Alipotazama nje aliona baiskeli ya mwanawe imeegemea ukuta. Baiskeli ile alikuwa akiipanda marehemu mumewe, mtu mrefu, na sasa inapandwa na mtoto. Kilichobadilika ni kiti tu: kimeshushwa, kikakazwa. Bomba ndani ya bomba. Zamda akaanza kuchora sakafuni mguu wa meza ulio ndani ya mguu mwingine, wenye matundu, na chuma cha kupita kwenye tundu ili usiteleze. Hapo ndipo Bi Mwanne alipofika na ungo wake na swali lake.

"Kiti cha baiskeli hupanda na kushuka," Zamda alimjibu, "na hujawahi kumwuliza mtu ni uchawi gani."

Bi Mwanne akatua ungo. Akainama juu ya michoro. "Mume wangu ana keekee ya kutobolea mbao," alisema. "Hajui kuitumia, lakini anayo."

Kwanza Zamda alikwenda kwa Fundi Ntandu, kama adabu inavyotaka. Fundi alikuwa amejikunja juu ya benchi lake akiranda, mkono wa kushoto umeshika kiuno kila alipopumzika. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaigusa ile fimbo iliyoning'inia juu ya mlango.

"Mwanangu, meza ni kama neno. Ikishatoka, imetoka. Wewe unataka meza ya kigeugeu."

"Nataka meza ya kunitosha, Fundi."

"Fimbo hii imetosha baba zako."

Zamda akashukuru, akaondoka. Mbao alizipata kwenye kitanda cha ndoa yake, cha mninga. Alikivunja mwenyewe, akatandika jamvi chini.

Meza ya kwanza ilimwaibisha. Matundu waliyatoboa kwa kukisia kwa macho, yeye na Bi Mwanne, na walipoipeleka karakana wakaiinua, mguu mmoja ulipata tundu lake na mwingine ukakosa. Meza ikainama upande. Pasi ya mkaa ikateleza, ikaunguza kitambaa na nusura imwangukie mtu mguuni. Mwenyekiti akasema, "Mmeona sasa," akarudi kwenye kiti chake ameridhika.

Zamda hakulumbana. Aliona kosa liko wapi. Mtu anayeweka vifungo vya shati hakisii. Hukunja utepe, kunjo sawa na kunjo, akatia alama kila mkunjo, ndipo vifungo na matundu vikutane. Akachukua utepe, akaukunja vivyo hivyo, akauviringisha kwenye kila mguu, akatoboa penye alama. Tena akaifunga miguu miwili miwili kwa mbao ya kati, ili upande mmoja upande pamoja na ushuke pamoja. Vyuma vya kupitisha kwenye matundu vikatoka kwa mtengeneza baiskeli.

Kisha akafanya jambo ambalo Iguguno halijawahi kufanywa kwa ajili ya meza. Akawauliza. Akachukua futi ya kushonea, akampima kila mmoja wa wenzake kutoka kiwiko cha mkono mpaka sakafuni, akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa. Kila mmoja akapata matundu yake mawili, na kila tundu likafungiwa uzi wa rangi ya mwenyewe. Zamda alichukua uzi mwekundu.

Majuma mawili yakapita. Zamda akakata amesimama, kiuno kikimkumbusha anashusha, anakaa, anachora amekaa. Wa kwenye cherehani nao wakachoka kukaa, wakawa wanakuja mezani kutia vifungo wamesimama, kila mmoja kwa uzi wake. Sare za shule mbili zikaisha kabla ya siku yake. Hakuna aliyeguna. Mngedhani msimamizi angefurahi.

Mwenyekiti Kitiku alisikia kuwa siku ya Alhamisi watakuja wageni kutoka wilayani, akaona aibu. Si aibu ya kumwambia mgonjwa atafute miguu, hiyo hakuiona. Aliona aibu ya meza yenye nyuzi za rangi. "Meza inayopanda na kushuka ni mchezo wa watoto," alisema. "Ishushwe kwenye kimo cha fimbo, igongelewe misumari. Na wewe Zamda, wageni wakikukuta umekaa, Ijumaa usije."

Asubuhi ya Alhamisi Fundi Ntandu akaja na nyundo, randa, misumari mirefu na fimbo yake nyeusi. Akaisimamisha fimbo kando ya mguu wa meza, akaiweka meza kwenye alama ya juu, akatia misumari mitatu mdomoni.

"Shikamoo, Fundi," alisema Zamda.

"Marahaba, mwanangu. Sogea, nisije nikakugonga vidole."

"Nasogea. Lakini ubao huu wa pembeni unakwaruza kitambaa. Kabla hujagongelea, nirandie kidogo."

Fundi hawezi kuombwa kuranda akakataa. Akatoa misumari mdomoni, akaishika randa, akainama. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tano akasimama, mkono wa kushoto ukaenda kiunoni wenyewe.

"Kinauma, Fundi?"

"Kiuno cha fundi lazima kiume. Ndiyo kazi."

"Nani alikuambia?"

Fundi akapuliza vumbi kwenye randa. "Ndivyo ilivyo," alisema.

Zamda akamwita mmoja wa wenzake. Wakachomoa vyuma, wakainua meza upande huu, kisha upande ule, matundu mawili juu ya alama ya fimbo, wakarudisha vyuma. "Randa sasa," alisema.

Fundi akaranda. Mara tano, mara kumi, mara ishirini. Vumbi la mninga likamwagika sakafuni. Mkono wake wa kushoto haukwenda kiunoni. Akaendelea hata ubao ulipokuwa laini kama kioo, kama mtu aliyepotea njia akajikuta amefika kwao, hataki kuuliza ilikuwaje.

"Fundi Ntandu," alisema Mwenyekiti kutoka mlangoni, "hatukukuita kuranda. Shusha meza, piga misumari. Wageni wako njiani."

Fundi hakumtazama. Alimgeukia Zamda, na yeye ambaye hakuwahi kuuliza, akauliza. "Hiki ni kimo gani? Umekipima kwa fimbo ipi?"

"Sikupima kwa fimbo. Nimekuona miaka yote unavyotembea," alisema Zamda. "Kimo cha meza hukijua kiuno, Fundi. Fimbo haina kiuno."

Wale watano wakageuka kwenye cherehani zao, wakatazama.

"Maneno mengi," alisema Mwenyekiti. "Mkataji husimama. Nilishasema."

Hapo Zamda akamgeukia, na sauti yake haikupanda hata kidogo, ndiyo maana wote waliisikia. "Mwenyekiti, Mungu amemruhusu asiyeweza kusimama aswali amekaa. Wewe shati la mtoto wa shule umelifanya kubwa kuliko swala? Umekaa juu ya mto miaka sita. Hata siku moja hukuja hapa ukashika mkasi. Kiuno changu umekijulia wapi?"

Mwenyekiti akatafuta jibu kwa wale watano. Wale watano walikuwa wanamtazama, hakuna aliyeinamisha macho. Akamrudia aliyemzoea. "Fundi. Misumari."

Zamda akachomoa vyuma, akaishusha meza mpaka penye uzi mwekundu wa chini. Akavuta kigoda, akasema bismillahi, akakaa. Akatandaza kitambaa cha khaki, akaanza kukata.

Fundi Ntandu akaitazama misumari kiganjani. Akaipanga juu ya meza, mmoja mmoja, mbali na kitambaa asikiharibu. Akaichukua ile fimbo nyeusi, akapitisha kidole gumba kwenye alama ya juu, kisha ya chini, akailaza kando ya misumari.

"Nakuuliza wewe, Fundi," alisema Mwenyekiti. "Unanisikia?"

Basi mkiisikia tena methali hii, msicheke, maana kuna watu wengi mpaka leo wanaowapimia wenzao kazi wakiwa wamekaa kwenye mto. Kimo cha meza hukijua kiuno. Fundi Ntandu alikuwa ameijua fimbo miaka thelathini, kiuno akakijua asubuhi hiyo moja. Alichukua randa yake, akampita Mwenyekiti pale mlangoni, mgongo wake bado umepinda kwa sababu miaka thelathini hainyooshwi na ubao mmoja, akatoka, misumari na fimbo akiviacha juu ya meza ya Zamda.