Mto wa Ndani ya Kofia

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, yaani anayejitakia madhara asingoje kuhurumiwa. Ni methali kali. Huenda aliyeitunga hakuwahi kuungua.

Mwaka wa 1995 mvua ilikataa kunyesha Makueni. Ndila, mjane wa Kalamba, aliwalisha wanawe watatu kwa kusuka vyondo, vikapu vya mkonge, na kuviuza Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Mikono yake ndiyo iliyokuwa shamba lake.

Siku moja ya soko alipita kwa Njogu, mwenye hoteli, aliyekuwa ameleta kofia ya ajabu. Ndani yake mlikuwa na televisheni mbili ndogo, moja kwa kila jicho, na aliyeivaa alijiona yuko nchi nyingine. Watu walijaa mlangoni kama nyuki mzingani.

"Keti hapa, mama, na usisimame," Njogu alimwonya akimvika. Hakumwambia kwamba hatua mbili tu kutoka kitini, karai la mandazi lilikuwa likichemka juu ya jiko.

Ndila akaona mto. Miezi saba alikuwa hajaona maji yanayotembea. Akasahau kiti, akasahau onyo. Alisonga mbele, akapiga magoti kama wanawake wa Ukambani wanavyopiga magoti mtoni, akatia mkono wa kulia achimbe mchanga apate maji safi.

Mkono ukazama kwenye mafuta.

Alipotoka hospitalini alikwenda polisi na Muthoki, msusi mwenzake. Konstebo Mulei akafungua kitabu cha matukio.

"Ulichomekea wapi, mwaitu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mtoni."

"Mto gani? Lokesheni gani?"

"Ule wa ndani ya kofia."

Alipokwisha kusikia kisa chote, Mulei akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. "Gari ikikugonga, naandika. Mtu akikupiga, naandika. Lakini huyu Njogu hakukugusa, na alikuambia usisimame. Mambo ya kofia sheria haina. Sasa hiyo nitaandika nini?"

Walipopita hotelini, foleni ilikuwa ingali ndefu na jiko lilikuwa palepale.

"Si nilimwambia akae?" Njogu aliwauliza wateja, nao wakaitikia kwamba ndiyo, aliambiwa. Kuhusu jiko, na nani aliyeliweka pale, hakuna aliyeuliza.

Nyumbani Ndila alijaribu kushika uzi wa mkonge. Vidole viligoma kukunjika. Akajaribu tena, kisha akaacha.

"Lakini yalikuwa maji, Muthoki," alisema. "Hata wewe ungeinama."

Muthoki alikivuta kile kiondo kilichoachwa nusu, akaendelea kukisuka pale mwenzake alipokomea.

Kituoni Ndila hakuambiwa pole, wala hotelini hakuambiwa, kwa maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, hata kama aliyeupanda ni mwingine.