Maji ya Shamba Moja

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto amfunike vizuri, maana huko ninakowapeleka kuna baridi, tena baridi ile ya ukungu, inayoingia mpaka ndani ya blanketi na kukaa. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mnijibu. Msinijibu katikati.

Juu kabisa kwenye milima ya Upare kulikuwa na kitongoji, na kwenye kitongoji hicho zilibaki nyumba tatu zenye moshi. Ya kwanza ya Naetwe, bibi aliyelea wajukuu wawili baada ya binti yake kufa. Ya pili ya Kajiru, mgane, ana watoto watatu na mbuzi wachache. Ya tatu ya Namkunda, msichana bado ukimtazama, lakini ana mtoto mgongoni na mwingine anaanza kusema, na mume aliyekwenda kutafuta kazi mbali akanyamaza huko huko.

Kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Naetwe alijua mbegu. Aliiweka mbegu ya tango ulimini, akaigeuza, akakwambia hii ina uhai, hii imekufa, na hakukosea. Kajiru alijua udongo. Alizika mkono mpaka kiwiko akajua chini kuna joto au hakuna. Namkunda hakujua mbegu wala udongo, ila mwili wake ulikuwa wa moto tangu utotoni, watoto wa jirani walimkimbilia kuota joto, na Naetwe alipenda kumtania: "Wewe mwanangu, kuni unanunua za nini?"

Mwaka huo masika yaliwadanganya. Mahindi yalifika kiunoni yakakauka yamesimama. Nyumba nyingine zikafunga milango, zikashuka tambarare kulima mashamba ya watu. Na kushuka, jamani, si kushuka tu. Mtoto aliyezaliwa kwenye ukungu hajazoea mbu wa kule chini. Mwaka mmoja kabla ya huo zilishuka nyumba mbili, wakarudi, lakini watoto waliorudi hawakuwa wote walioshuka. Kila mama pale juu alilijua hilo. Halikusemwa kwa sauti.

Kwa hiyo hao watatu walikaa jikoni kwa Naetwe kutafuta njia ya kutoshuka.

"Mboga," alisema Kajiru. "Matango, maboga, bamia. Joto likianza tu, wachuuzi wanapanda kuzitafuta gulioni, na hakuna mwenye nazo. Kila mtu anangoja kipupwe kiishe ndipo apande, halafu zote zinatoka pamoja, mchuuzi anataja bei anayotaka. Sisi tuwe na miche tayari siku jua linapotoka. Tubadilishe kwa mahindi, tufike vuli."

"Na kipupwe hiki utakiambia nini?" Naetwe akamuuliza. "Tango ukilitia kwenye udongo wa baridi halioti, linaoza. Au na hilo hujui, baba wa mbuzi?"

"Ndiyo maana niko kwako, bibi."

"Uko kwangu kwa sababu ya uji."

Wakacheka. Ilikuwa mara yao ya mwisho kucheka pamoja, kwa hiyo niiweke hapa.

Walikubaliana kitalu kiwe kimoja, chini ya ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa, wazee wa Upare wanalo tangu zamani: kijito kinalijaza usiku, asubuhi linazibuliwa, maji yanafuata mfereji mpaka shamba la mwenye zamu. Mbegu zioteshwe pamoja, miche ikomae, kila nyumba ichukue yake ikapande kwake. Walipanga kila kitu. Mbegu zitalowekwa lini, zitahamia kitaluni lini, mashimo ya mashambani yachimbwe kabla ya mwezi upi kuandama. Nakwambia walipanga.

Basi Naetwe akatoa kibuyu chake. Ndani mlikuwa na mbegu alizoziweka miaka na miaka, na mbegu za maboga, mnajua wenyewe, zikikaangwa ni chakula. Wajukuu walimwona akizimwaga kwenye ungo wakadhani wanakaangiwa. Mdogo akaketi kabisa akanyoosha mkono. "Bibi, hata moja?" Naetwe akamwambia hata moja, akaziweka ulimini moja moja, nzuri huku, mbaya kule, na zile mbaya tu ndizo akawapa, nazo zilikuwa maganda matupu. Alifanya hivyo siku nyingi, mjukuu ameketi pale pale anatazama. Bila mbegu za Naetwe hakuna kitu kingeota.

Kajiru naye akachimba kitalu. Akatandaza chini samadi mbichi ya mbuzi, ile inayotoa mvuke ukiichokoa, juu yake udongo mwembamba, na juu ya udongo akapanga vikopo vya maganda ya mgomba. Udongo ukapata joto kweli, ukiweka kiganja unalisikia. Lakini ukungu wa jioni ulikuwa unaliiba lile joto, na nyasi za kufunikia hazikuwepo, mbuzi wa kitongoji kizima walishazimaliza. Kajiru akapanda juu ya nyumba yake mwenyewe, akaezua upande mmoja, nyasi zile akafunikia kitalu. Watoto wake wakalala wote kwenye kona moja. Wakaanza kukohoa, kwanza mmoja, halafu wote, na akiwa kitaluni aliwasikia. Bila kitalu cha Kajiru mbegu zingeoza.

Na Namkunda? Mbegu haziingii kitaluni zikiwa zimelala, lazima ziwe zimepasuka, zimetoa kile kichipukizi cheupe, na kwa baridi ile hazikupasuka jikoni wala kwenye majivu. Naetwe akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akamfunga nacho Namkunda tumboni, chini ya kanga, juu ya ngozi. Kitambaa kibichi, kwenye kipupwe! Mtoto aliyezoea kulala kifuani akahamishiwa mgongoni ili asizikandamize. Mbegu zikipasuka zinatolewa, zinafungwa nyingine. Joto la Namkunda likawa linakwenda kwenye mbegu, likawa haliendi kwingine, na maziwa yakaanza kupungua. Mtoto alinyonya akaacha, akalia, akanyonya tena. "Nifungueni kidogo," alisema siku moja, na Naetwe akamjibu, "Ukifunguliwa sasa zinakufa, mwanangu. Vumilia hizi, zimebaki kidogo." Akavumilia. Bila mwili wa Namkunda kitalu kingefunika mbegu zilizolala.

Sasa ngojeni, hapa ndipo panaponitisha.

Kila mwaka kipupwe kikikaribia kwisha, mzee Mchome, msimamizi wa maji aliyekaa peke yake upande wa pili wa ndiva, hupuliza baragumu. Maana yake msaragambo: kila nyumba itoe mtu, ndiva izibuliwe yote ikauke, watu waingie ndani wazoe tope, kisha iachwe ijae upya. Ni kazi ya lazima, kwa sababu kijito kinaleta udongo mwaka mzima, na tope likipanda, maji yanakosa pa kukaa. Mwaka huo Mchome akapuliza. Naetwe alisikia, lakini alikuwa na mbegu ulimini na nyingine kwenye ungo, akiondoka kuku wanakula. Kajiru alisikia, lakini samadi ilikuwa imefikia joto lake, isipofunikwa saa ile inazimika. Namkunda alisikia, lakini nani ataingia kwenye tope baridi kama barafu na mbegu tumboni? Kila mmoja akasema moyoni wale wawili watakwenda. Mchome akapuliza tena siku ya pili. Akapuliza na ya tatu. Akasimama peke yake na koleo, mtu mwenye mguu mbovu, akarudi nyumbani.

Wakafanya kosa hilo huku wakifanya kazi. Laiti wangekuwa wamelala, ningejua pa kuwalaumu.

Miche ikatoka. Mizuri! Majani mapana, shina kama kidole cha mtoto, na jua la kwanza la joto likachomoza, siku ile ile waliyoikadiria. Mizizi ikatoboa vikopo. Mche ukishafika hapo haungoji, usipouhamisha unanyauka umesimama. Asubuhi wakaamka na matenga yao, kila mmoja na lake, wakapita kwa Mchome kuomba zamu za maji.

Mchome akawapeleka ukingoni mwa ndiva. Akachovya fimbo. Ikaingia kidogo ikakwama.

"Tope," alisema.

"Limefika wapi?" Kajiru akauliza, na alikuwa analiona.

"Hapo unapoona. Maji yaliyo juu ya tope yanatosha kunywesha shamba moja kila zamu. Si mawili, na mche mchanga kwenye jua hili haungoji zamu ya kesho."

"Tuyagawe kwa tatu," alisema Namkunda.

"Mwanangu, ukiyagawa kwa tatu mfereji wenyewe utayanywa njiani. Hayatafika kwa mtu. Utapata matope ya kunawia."

"Basi tuzoe sasa hivi! Mimi naingia!" Na kweli alishaanza kukunja kanga.

"Kuzoa ni kuikausha. Kijito cha kiangazi kitaijaza tena lini? Mpaka hapo miche yote imekufa."

Naetwe akasema pengine wapande shamba moja halafu wagawane mavuno. Kajiru akacheka kicheko kibaya. "Shamba moja, bibi, linafikisha nyumba moja vuli. Ukiligawa kwa tatu tunakula wiki chache wote, halafu wote tunashuka, tena tumedhoofu. Bora ungesema tuoane tuwe nyumba moja."

"Niolewe na wewe uniezulie na paa langu?" Naetwe akamjibu.

"Shemeji," Namkunda akamwambia Kajiru, "usitanie. Nakuomba usitanie."

Na hapo wakaanza. Mimi nilitamani kuwaambia kwamba mmoja wao alisema chukueni nyie, nitashuka mimi. Hakuna aliyesema. Walikuwa wanapendana, watoto wao walikula sahani moja, na hakuna aliyesema.

Naetwe alisema, "Mbegu zilikuwa zangu. Zingekuwa tumboni mwa wajukuu wangu saa hizi. Mama yao nilimzika mimi, hawana mwingine, na mimi kwa miguu hii nikishuka sipandi tena. Nani atawarudisha?"

Kajiru alisema, "Mbegu zako zilikuwa za kukaanga tu, bibi, bila kitalu changu. Wanangu wanakohoa kwa sababu yenu. Mtoto mwenye kifua hicho ukimpeleka kwenye mbu, si ni kumuua? Na paa sina, nimewafunikia miche."

Namkunda alisema, lakini alisema haraka haraka mpaka maneno yakapandana, "Na mimi je, huyu hapa, mshikeni muone, mshike wewe shemeji, alikuwa mzito huyu, mliniambia vumilia nikavumilia, maziwa yameisha, nikishuka na huyu nitarudi na nani?" Akamtoa mtoto mgongoni akamnyoosha mbele yao. Hakuna aliyempokea. Kumpokea ingekuwa kama kukubali.

"Na baragumu mlilisikia?" Mchome akawauliza, taratibu.

Walilisikia. Wote watatu.

Jua lilikuwa linapanda. Kwenye matenga miche ya pembeni ilishaanza kulegeza majani, na wote wanne wakaiona. Mchome akashuka kwenye mdomo wa ndiva, akashika kile kizibo cha mgomba kwa mikono miwili, akageuza uso. Mbele yake mfereji uligawanyika njia tatu, mbili lazima azizibe kwa udongo kabla hajafungua. Akasema yeye alipewa kulinda maji, hakupewa kuchagua watoto, atafungulia njia watakayomwonyesha. Lakini waonyeshe sasa, kabla miche haijalala.

Hakuna aliyenyoosha kidole. Mtoto wa Namkunda alikuwa analia, na toka kule nyumbani kwa Kajiru kikohozi kilikuwa kinasikika, na mjukuu wa Naetwe alikuwa amesimama mlangoni kwao akisubiri kuitwa.

Haya. Sasa semeni, nyinyi mliokaa hapa mmeshiba. Mwenye mbegu, mwenye kitalu, na mwenye joto: mkono wenu ungekuwa juu ya kizibo kile, mngezifunga njia za akina nani, na maji mngeyapeleka kwa nani?