Chiriku na Magurudumu ya Inchi Kumi na Nne

Tai ana bawa lake, na chiriku ana lake. Mfunge chiriku bawa la tai, hatapaa. Atagaagaa mavumbini na manyoya ya mwenzake mgongoni. Ndiyo maana waliotutangulia walituachia neno fupi lakini zito, kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake: mtu atende kwa uwezo wake na kwa umbo alilopewa, asitamani ya mwenziwe yasiyomkaa. Yoramu wa Hombolo alilijua neno hili tangu darasa la tatu. Lakini alilijua kwa ulimi tu. Kwa akili alikuja kulijua Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 1994, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana.

Yoramu alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye maneno ya moto na shingo isiyoinama kirahisi. Alikuwa na gari dogo la manjano, la milango miwili, alilouziwa na karani mmoja wa Bunge aliyekuwa akistaafu. Aliliita Chiriku. Nyuma, juu ya buti, alikuwa amechora kwa mkono wake mishororo miwili aliyoitunga mwenyewe, na herufi zake zilisimama kama askari gwarideni:

Chiriku ndege mdogo, angani hupaa juu;
Asiyejua udogo, haijui nguvu kuu.

Basi siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Zabibu za Hombolo, ambazo zamani zilimngoja mnunuzi mmoja kama bibi harusi aliyesahaulika, sasa ziliweza kwenda popote penye mdomo wa kuzila. Mama Paskazia, mfanyabiashara aliyehamia Dodoma kutoka Kagera, alikuwa akizipeleka Dar es Salaam kwa lori, na alitafuta mtu wa kuzitoa shambani hadi mjini msimu mzima. Alimwita Yoramu akamwambia jaribio lake bila kuzunguka. Jumamosi azilete kreti ishirini kutoka shamba la shangazi yake Ruthu, kwa safari mbili, kabla lori halijaondoka saa saba kamili. Zikifika zote na hazijapondeka, kazi ya msimu ni yake, na soko ni la Ruthu na majirani zake wote. Zikichelewa, Mama Paskazia angetafuta zabibu kijiji kingine.

Yoramu alikubali palepale. Shangazi Ruthu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na mwaka uliotangulia zabibu zake zilikuwa zimeozea kwenye mizabibu kwa kukosa gari. Yoramu aliapa kwamba mwaka huu haitaoza hata punje.

Tatizo lilikuwa matairi. Matairi ya Chiriku yalikuwa na vipara vinavyong'aa kama utosi wa mzee. Yoramu akaenda kwa Anyesi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeuza na kuziba matairi kando ya barabara ya Morogoro, pale mtu anapoingia mjini. Mikono ya Anyesi ilikuwa myeusi kwa mpira, na ulimi wake haukujua kubembeleza. Alipiga goti, akafuta vumbi kwenye ubavu wa tairi kwa pindo la kitenge, akasoma namba. Mia moja hamsini na tano, alieleza, ni upana wa tairi kwa milimita. Kumi na mbili ni inchi za rimu. Matairi ya namna hiyo hakuwa nayo, lakini angeyaagiza Dar es Salaam. Jumatano yakashuka kwenye basi, manne, mapya, yananukia.

Alhamisi Yoramu alikuwa njiani kuyafuata alipokutana na Erick mlangoni pa nyumba ya Erick. Erick alikuwa rafiki yake, mwenye gari kubwa jeusi alilolinunua kwa wauza magari ya Dubai, na siku hiyo alikuwa amelifunga magurudumu mapya. Yale ya zamani aliyapanga nyumbani kwake ukutani: rimu za aluminiamu zinazomeremeta, inchi kumi na nne, zimevaa matairi mapana kama migongo ya viboko. Alimtazama Chiriku kutoka mbele mpaka nyuma, akaguna.

"Yoramu ndugu yangu," alisema, "mtu mwenye maneno makubwa kama wewe, mbona gari lako linatembea juu ya visosi?"

Waliokuwepo walicheka. Kicheko kile kilimwingia Yoramu kama pilipili jichoni. Aliyatazama magurudumu, akahesabu tundu za nati. Zilikuwa nne. Za Chiriku nazo zilikuwa nne. Hapo ukamjia mdomoni msemo ambao kila dereva wa Dodoma aliurithi kutoka miaka ya uhaba, wakati tairi lilipatikana kwa kibali na watu walifunga chochote walichookota: tundu zikikubali, gurudumu limekubali. Hakufikiri mara mbili. Fedha aliyokuwa amemwekea Anyesi akamkabidhi Erick, na kabla jua halijapinda Chiriku alikuwa amesimama juu ya magurudumu mapana, kifua mbele, kama jogoo aliyevaa viatu.

Naam, alipendeza. Kuanzia soko la Sabasaba hadi uwanja wa ndege watu waligeuza shingo. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yake, upepo ukivuma dirishani, na Yoramu akiimba mashairi yake kwa sauti.

Kwa Anyesi alisimama dakika mbili tu. Alishusha magurudumu yake ya zamani, akayatupa mlangoni, akamwambia hahitaji tena yale matairi ya kuagiza, na zile rimu anaweza kuzipandia maua. Anyesi hakukasirika, au hakuonyesha. Alilizunguka gari, akaingiza vidole vyake vitatu kati ya tairi na madigadi, lile bati la juu yake. Kimoja tu kilipita.

"Malenga," alimwita kwa jina la utani, "pakia mzigo humo ndani, kisha ukate usukani mpaka mwisho. Halafu rudi tuongee."

"Dada Anyesi, nati zimeingia zote."

"Nati zinashika gurudumu lisitoke. Hazilipatii nafasi ya kuzunguka."

Yoramu alicheka, akaondoka akimwachia vumbi. Anyesi alisimama akilitazama lile vumbi mpaka likatua. Kisha aliyaokota magurudumu manne mlangoni, akayabandua yale matairi yenye vipara, akayavika mapya, akayajaza upepo na kuyapanga ukutani. Jirani yake alipomuuliza anamfungia nani, alijibu kwamba anamfungia mteja ambaye bado hajajijua.

Jumamosi ikapambazuka. Saa kumi na mbili Chiriku alitoka mjini mtupu, kiti cha nyuma kimeng'olewa, na akaenda kama mshale. Saa moja Yoramu alikuwa Hombolo. Shangazi Ruthu alikuwa ameamka na alfajiri, na kreti zilikuwa zimepangwa kivulini, zabibu zimejaa ukungu wa baridi. Walisalimiana, "Mbukwenyi" ya Kigogo kwa wote waliokuwa shambani na shikamoo kwa shangazi, wakapakia kreti kumi. Ruthu aliziwekea majani juu taratibu, kama amlazaye mtoto.

Chiriku akaondoka. Kwenye kona ya kwanza tu, kutoka nyuma kulisikika sauti kama ya mtu anayepasua turubai.

Yoramu alisimama, akashuka, akachungulia. Mzigo ulikuwa umelishusha gari, na madigadi ilikuwa imelala juu ya tairi. Alipanda tena, akaenda polepole. Penye tuta lilikwangua. Penye shimo lilikwangua. Alipokata usukani, tairi la mbele nalo likakwangua. Penye kilima kidogo, ambacho Chiriku alizoea kukipanda huku akipiga mluzi, injini ilihema na kukohoa, maana moyo mdogo ulikuwa ukisukuma miguu mikubwa. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa garini, na zabibu zikaanza kuivuta. Mwenye baiskeli alimpita, akamgeukia na kumpungia.

Njia ya saa moja akaitembea saa mbili. Ilikuwa saa tatu na nusu alipofika ukingoni mwa mji, moshi ukifuka upande wa kulia, na tairi moja la nyuma limechanika ubavu mpaka nyuzi zinaonekana. Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha mafuta, aliliona lori la Mama Paskazia likipakiwa. Upande huu kilikuwepo kibanda cha Anyesi. Yoramu alishika usukani kwa mikono miwili. Zilibaki kreti kumi Hombolo, na jua lilikuwa likipanda. Aliona mizabibu ya shangazi yake kama alivyoiona mwaka uliopita, imeinamishwa na uozo na kuzungukwa na nyuki. Shingo ile isiyoinama ikainama.

Alishuka, akamwendea Anyesi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, nimekosa. Nisaidie."

Anyesi aliweka spana chini. Alikwenda nyuma ya gari, akajifuta mikono, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mwalimu anayesahihisha: "Asiyejua udogo, haijui nguvu kuu." Kisha akamtazama. "Hii nani kaandika?"

"Mimi."

"Basi leo isome."

Baada ya hapo kazi ikaanza. Mpakiaji mmoja alivuka kutoka kwenye lori na kuzihamisha kreti, na alisema zabibu zilikuwa nzima bado, kidogo tu zimelegea. Anyesi alitupa jeki chini ya gari, Yoramu akashika spana. Nati zikalia, rimu zinazong'aa zikashuka moja baada ya nyingine, na magurudumu ya inchi kumi na mbili yakapanda mahali pake kama watoto wanaorudi kwao. Yoramu alipouliza juu ya malipo, Anyesi alionyesha kwa kidevu magurudumu ya Erick: matatu mazima na moja la kushonwa, angeyachukua hayo wakawa wamemalizana. Alipiga tairi la mwisho teke la upendo. Saa nne kasoro dakika chache Chiriku aliruka barabarani.

Alikuwa Chiriku mwingine, au tuseme alikuwa yuleyule wa zamani. Aliipanda barabara ya Ihumwa akiimba. Aliachia lami na kuingia vumbini, akayakwepa mashimo kama mcheza ngoma. Saa tano kasoro Yoramu alikuwa shambani, na Ruthu, aliyekuwa amekaa juu ya kreti akiukodolea macho ukungu wa vumbi, alisimama. Wakapakia. Gari likashuka kwa mzigo kama lilivyoshuka asubuhi, lakini kati ya tairi na madigadi vidole vitatu vilipita vyote. Yoramu alivipitisha yeye mwenyewe.

Saa tano na nusu aliondoka. Alikuwa amekwenda zaidi ya nusu ya njia, akianza kujipongeza, barabara ilipofungwa mbele yake. Ng'ombe. Walikuwa mamia, wanarudi kutoka kunyweshwa, wameijaza barabara kutoka kichaka hadi kichaka, na mbele yao lori la mchanga limesimama likipiga honi bure. Mchungaji alimwambia kwa upole kwamba ng'ombe hawana saa. Yoramu alingoja. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Jasho lilimtiririka mpaka machoni.

Ndipo alipoiona, upande wa kushoto, njia ya mikokoteni ya punda, nyembamba, inayopinda ghafla nyuma ya kichuguu. Gari la Erick lisingeingia pale. Chiriku wa asubuhi asingeingia pia, maana kona ile ilidai usukani ukatwe mpaka mwisho, na gari limejaa. Maneno ya Anyesi yakamrudia yote.

Akakata usukani mpaka mwisho.

Alitega sikio, akingoja ile sauti ya turubai. Haikuja. Chiriku alijikunja kama paka, akakizunguka kichuguu, magurudumu yake membamba yakashika nyayo mbili za mkokoteni kana kwamba zilichimbwa kwa ajili yake. Miiba ilichora milango yake pande zote mbili. Ng'ombe wakabaki upande wa kulia, honi ikabaki nyuma, barabara ikafunguka. Yoramu akapiga kelele ya furaha peke yake garini, na mguu wake ukakanyaga mafuta.

Lori lilikuwa limewashwa alipotokea. Mama Paskazia alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva, mkono wenye saa umeinuliwa, na karibu naye alikuwapo Erick, aliyepita kujaza mafuta na kusikia kuna jambo. Ilikuwa saa saba kasoro dakika nne. Mama Paskazia alikwenda moja kwa moja nyuma ya Chiriku. Alifungua kreti ya chini kabisa, ile inayobeba uzito wa nyingine, akachukua kichala, akakigeuza, akatafuta punje iliyopasuka. Akaikosa. Akatupia zabibu moja mdomoni, akatafuna, wengine wote wakimtazama mdomo.

"Jumatatu," alisema, "uje na kreti ishirini nyingine. Na umwambie shangazi yako avune bila hofu."

Erick alikuwa akiyatazama magurudumu madogo. Alimuuliza Yoramu, akitabasamu upande mmoja, amevipeleka wapi viatu vizuri alivyomuuzia, mpaka akarudia visosi.

"Vizuri sana, kaka," alisema Yoramu, "ila vilikuwa vyako."

Anyesi, ng'ambo ya barabara, alisikia. Alicheka mpaka akaangusha spana.

Msimu ule zabibu za Hombolo hazikuoza. Chiriku alienda na kurudi, wiki baada ya wiki, na mishororo miwili ikabaki pale juu ya buti bila kuguswa. Yoramu hakuongeza mstari. Alichora tu kwa herufi nyeupe, juu ya kila gurudumu, namba ambazo hakuna tena wa kumdanganya nazo: 155, na 12. Na kila kijana aliyemjia na rimu zinazometameta, akisema tundu zimekubali, Yoramu alimpeleka kwa Anyesi apimiwe vidole vitatu, kisha akamwambia lile neno alilolilipia kwa moshi na jasho: kila ndege huruka kwa ubawa wake.