Kwa Nini Njia ya Ilungwe Imepinda

Ulikuwapo wakati ambapo njia ya kutoka Ilungwe kwenda Malanji haikuwa na kona hata moja. Wazee wa vijiji hivyo viwili waliifyeka pamoja mwishoni mwa kiangazi. Watu wa Malanji waliwasha moto kilimani kwao, na watu wa Ilungwe wakafyeka majani wakiufuata moshi, bila kwenda kulia wala kushoto. Walipokutana katikati ya uwanda wa Lyuva walicheka kwa furaha, maana waliweza kuona pande zote mbili. Hakuna aliyekumbuka kwamba kiangazi kina mwisho. Masika yalipofika, ukungu ulishuka, vinamasi vikajaa, na ile njia ikapita katikati yake vilevile, imenyooka.

Siku hizo aliishi Ilungwe mkunga aitwaye Tupokigwe. Binti yake, Sekela, aliolewa Malanji katika nyumba ya Mwasanguti. Ilikuwa desturi kwamba mimba ya kwanza ikikomaa, baba wa mume hupeleka ng'ombe wa maziwa kwa mama wa binti, kuwa shukrani. Mwasanguti alimpeleka ng'ombe aliyeitwa Mabaka, lakini alimzuia zizini kwake ndama wake wa miezi miwili. Alipoulizwa na ndugu zake alijibu kwamba neno lililotajwa ni ng'ombe. "Ndama nani alimtaja?" alisema, na kweli hakutajwa. Mabaka alifika Ilungwe akilia, na kwa siku nne hakuacha kulia wala hakukubali kukamuliwa.

Siku ya tano, asubuhi, Asegelile, shemeji yake Sekela, alifika akihema. Alieleza kwamba uchungu ulianza tangu jana, na kwamba mtoto amelala kingamo tumboni, kichwa hakijaelekea chini. Huko Malanji hapakuwa na mikono iliyoweza kumgeuza. Tupokigwe alichukua kibuyu chake cha mafuta ya nyonyo, akajifunga shuka mbili kwa ajili ya baridi, wakaondoka. Alipopita zizini aliona kamba imekatika na Mabaka hayupo. Hakusimama.

Walikuwa hawajafika nusu ya uwanda ukungu ulipowafunika. Tupokigwe aliinyoosha mikono yake mbele akashindwa kuiona. Alimwambia Asegelile kwamba mtoto aliyelala kingamo husubiri mpaka jua linapoanza kushuka, basi, na jua lenyewe halikuonekana likiwa wapi.

"Usihofu, mama," Asegelile alisema. "Njia imenyooka. Mguu wangu unaijua."

Hatua chache mbele akazama hadi kiunoni. Tupokigwe alilala kifudifudi juu ya majani, akamrushia ncha ya shuka, akavuta mpaka mabega yakamuuma.

"Mguu wako umeijua, baba?" alimuuliza alipotoka.

Walikuwa wamegeuka mara nyingi wakati wa kuvutana, na sasa hakuna kati yao aliyejua Malanji iko upande gani. Tupokigwe aliita. Hakuna kilichoitika. Alimwaza binti yake akiuma kitambaa, na wanawake wanaomshika wakitazama mlangoni.

Ndipo walipomsikia ng'ombe akilia karibu sana. Alikuwa Mabaka, na kipande cha kamba shingoni. Alipita mbele yao bila kuwatazama, akaelekea kushoto, upande ambao Asegelile aliapa kuwa ndio wa Ilungwe. Tupokigwe aliinama akagusa kiwele: kilikuwa kigumu kama jiwe, na maziwa yalikuwa yakidondoka yenyewe juu ya majani.

"Tumfuate huyu," alisema.

"Ng'ombe, mama? Watu watasemaje?"

"Watasema tumefika."

Alishika mkia, na Asegelile akashika shuka yake. Mabaka hakwenda moja kwa moja. Alizunguka kila mahali palipolegea, akapanda juu ya mawe, akashuka, akarudi nyuma, akapinda tena. Kila alipopinda, Tupokigwe aliona muda ukimponyoka. Mara moja Mabaka alisimama kabisa, akanusa ardhi, na Asegelile akainua fimbo. Tupokigwe aliushika mkono wake. Walisimama hivyo muda ambao kwake ulikuwa mrefu kuliko safari yote. Kisha Mabaka akapiga hatua moja pembeni, na pale alipokuwa akinusa maji yakabubujika.

Walipoingia Malanji, Mabaka alikwenda zizini na Tupokigwe akaingia ndani. Hakusalimu mtu. Alipaka mafuta mikononi, akamwambia Sekela asisukume, akaanza kumgeuza mtoto taratibu. Mtoto alizaliwa wa kike, kimya mwanzoni, kisha akalia.

Tupokigwe alipotoka nje alimkuta Mwasanguti akitazama jinsi ndama anavyonyonya. Alimwambia maneno machache: "Nikirudi, hawa wawili wataongozana nami."

Mwasanguti alimfungua ndama kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya saba Tupokigwe alirudi Ilungwe akiwa na Mabaka na ndama, akikanyaga nyayo zilezile, kwa kuwa alijua ardhi hiyo inabeba. Asegelile alimsindikiza, na yeye ndiye aliyewaonyesha wengine. Ile njia ya moshi ikaota majani.

Tangu hapo njia ya Ilungwe imepinda mara kumi na tisa, ingawa uwanda ni tambarare, na ng'ombe wa shukrani hatolewi bila ndama wake. Wageni huuliza kwa nini tusikate moja kwa moja, maana wana haraka. Nasi huwauliza kama haraka yao inaizidi ya Tupokigwe.